Halmashauri Ipi Inafundisha Vizuri? Tujifunze Kusoma Matokeo ya Darasa la Saba

Kila mwaka mwezi Septemba watoto wetu wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtihani huo hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Baraza hili lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mtoto wa Mamba, mtoto wa Mpanda mjini na mtoto wa Dar es Salaam hufanya mtihani mmoja, wakati mmoja.

Matokeo yakitoka, maneno huanza. Watu husema: "Halmashauri fulani imekuwa ya kwanza. Sisi tumekuwa wa mwisho." Wengine hulaumu walimu, wengine hulaumu wazazi. Wengine huuza gunia la mpunga ili wampeleke mtoto akasome kwa shangazi yake mjini, eti huko ndiko kwenye elimu.

Sasa tujiulize. Je, halmashauri iliyo mbele ndiyo inayofundisha vizuri zaidi? Na je, iliyo nyuma haifundishi? Tusijibu haraka. Mkulima hanunui shamba kwa kuliangalia kutoka barabarani. Huingia ndani, akashika udongo. Na matokeo ya mtihani ni hivyo hivyo. Leo tutajifunza kuyashika.

Tuanzie hapa kwetu

Mamba ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoa wa Katavi. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, ulipogawanywa kutoka mkoa wa Rukwa. Una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Mlele, Mpimbwe, Nsimbo na Tanganyika. Kila halmashauri ina ofisi yake ya elimu ya msingi, nayo husimamia shule za serikali zilizo katika eneo lake. Ndiyo maana matokeo hulinganishwa halmashauri kwa halmashauri.

Kabla ya kulinganisha, tukumbuke jambo moja kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa wa Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Maana yake, kwa miaka kumi tu watu wameongezeka zaidi ya mara mbili. Tena kuanzia mwaka 2016 michango ya lazima iliondolewa katika shule za msingi za serikali, na watoto wengi zaidi wakaandikishwa. Watoto wakiongezeka hivyo, madarasa na walimu wasipoongezeka kwa mwendo huo huo, darasa hujaa. Serikali imeweka kipimo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Basi ukiambiwa shule fulani imeshindwa na nyingine, uliza kwanza: kule mwalimu mmoja ana watoto wangapi, na hapa ana wangapi?

Asilimia ni nini?

Asilimia ni hesabu ya "kwa kila mia". Tuseme watoto 50 walifanya mtihani na 40 wakafaulu. Tunachukua 40, tunagawanya kwa 50, kisha tunazidisha kwa 100. Tunapata 80. Maana yake, katika kila watoto 100, 80 wamefaulu.

Na kufaulu ni nini? Mtihani una masomo sita. Kila somo lina alama 50, kwa hiyo jumla ni alama 300. Mtoto akipata alama 121 au zaidi huhesabiwa amefaulu. Aliyepata 121 na aliyepata 280 wote wameandikwa "kafaulu". Aliyepata 119 ameandikwa "hakufaulu", ingawa amepungukiwa na alama mbili tu.

Kwa hiyo asilimia ya ufaulu haituambii kila kitu. Mtoto anaweza kufaulu kwa jumla na huku Hisabati imemshinda kabisa. Ukiona karatasi ya matokeo kwenye ubao wa shule, usiishie kwenye neno "kafaulu". Angalia somo moja moja.

Swali la kwanza: Ni nani hawakufanya mtihani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Tutumie mfano. Halmashauri hizi ni za mfano tu, tuziite A na B.

Halmashauri A: Walioanza darasa la kwanza ni watoto 1,000. Waliofanya mtihani wa darasa la saba ni 500. Waliofaulu ni 450. Ufaulu ni asilimia 90.

Halmashauri B: Walioanza darasa la kwanza ni watoto 1,000. Waliofanya mtihani wa darasa la saba ni 800. Waliofaulu ni 640. Ufaulu ni asilimia 80.

Kwenye orodha, A itaandikwa mbele ya B. Watu watapiga makofi. Lakini hebu tuhesabu tena kwa kuanzia mwanzo. Katika kila watoto 100 walioanza shule kule A, waliofaulu ni 45. Kule B ni 64. Sasa je, ni halmashauri ipi iliyowafikisha watoto wengi?

Na wale 500 wa A wako wapi? Labda baadhi walihama na wazazi wao kutafuta malisho au mashamba mapya. Labda wengine walikariri darasa. Wengine wanachunga ng'ombe. Wengine ni wasichana walioozwa au waliopata mimba. Hao hawamo katika asilimia 90. Orodha haiwaoni. Ni sisi wazazi na majirani tunaowaona kila siku njiani.

Wazee wetu wanalijua jambo hili kwa maisha yao wenyewe. Mwezi Agosti mwaka 1975 serikali ilifanya mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo cha watu wazima. Walioandikishwa madarasani walikuwa zaidi ya milioni 5. Waliofika kufanya mtihani hawakutimia milioni 4. Angehesabu mtu waliofika tu, angewasahau zaidi ya watu milioni moja.

Swali la pili: Je, kuna watoto waliozuiwa?

Mwaka 2013 serikali ilianza mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. Katika mpango huo shule zote za msingi zilipangwa kwa namba kufuata matokeo ya darasa la saba, kitaifa na ndani ya wilaya. Nia ilikuwa njema: shule zilizo nyuma zijulikane, viongozi wazifuatilie.

Baadaye wataalamu watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichunguza yaliyotokea. Walitoa taarifa yao mwaka 2021. Waliona mambo mawili. La kwanza ni zuri: shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. La pili linahuzunisha: katika shule hizo hizo, baadhi ya watoto waliondolewa au kuzuiwa wasifike kwenye mtihani, ili wasishushe hesabu ya shule.

Tuelewe jinsi inavyotokea. Mwalimu mkuu ameambiwa shule yake isiwe ya mwisho. Ana mtoto mzito wa kusoma. Akimfundisha kwa bidii atatumia mwaka mzima. Akimwambia akariri darasa, au akanyamaza mtoto alipoanza utoro, asilimia inapanda kwa siku moja. Shule inasifiwa. Mtoto amepotea.

Ndugu mzazi, mtoto huyo aweza kuwa wako. Ukiambiwa mwanao asifanye mtihani mwaka huu, uliza sababu, tena uliza mbele ya Kamati ya Shule. Mtoto mzito wa kusoma ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mwalimu.

Lakini kosa si la walimu peke yao. Katika mikoa kadhaa viongozi wa serikali wamekemea mara kwa mara wazazi wanaowaambia watoto wao wajifelishe. Mtoto anaambiwa aandike majibu ya uongo, ili asichaguliwe kwenda sekondari, abaki kuchunga au aolewe. Mzazi wa namna hii anaiba akili ya mwanawe. Halafu matokeo yakitoka husimama mkutanoni kuwalaumu walimu!

Swali la tatu: Je, ni shule za serikali tu, au zimechanganywa?

Tuchukue mfano mwingine. Halmashauri C ni ya mjini. Ina watahiniwa 1,000. Kati yao 200 ni wa shule za kulipia, na wote wamefaulu. Waliobaki 800 ni wa shule za serikali, na waliofaulu ni 600. Jumla waliofaulu ni 800 kati ya 1,000, yaani asilimia 80.

Halmashauri D ni ya vijijini. Haina shule ya kulipia hata moja. Ina watahiniwa 900, waliofaulu ni 693. Ufaulu ni asilimia 77.

Kwenye orodha, C iko juu. Lakini tukitazama shule za serikali peke yake, C imepata asilimia 75 (600 kati ya 800). D imepata 77. Kumbe shule za serikali za kijijini zimefanya vizuri kuliko za mjini! Aliyeuza mpunga wake ampeleke mtoto shule ya serikali ya mjini angefanya hesabu hii kwanza.

Swali la nne: Watoto ni wangapi?

Shule moja ina watahiniwa 12. Nyingine ina 150. Katika shule ya watoto 12, kila mtoto mmoja ni kama asilimia 8. Watatu wakiugua malaria siku ya mtihani, ufaulu unaweza kushuka kwa asilimia 25. Katika shule ya watoto 150, wakiugua watatu ni asilimia 2 tu. Kwa hiyo shule ndogo hupanda na kushuka haraka kama maji ya mto wa msimu. Usiihukumu kwa mwaka mmoja. Angalia miaka mitatu au minne pamoja.

Swali la tano: Walianzia wapi, wamefika wapi?

Watu wawili wanatembea. Mmoja alianzia Usevya na mwingine alianzia Mpanda. Wote wanakwenda Mamba. Ukisimama Mamba ukamsifu aliyefika kwanza, hujapima miguu yao. Umepima tu mahali walipoanzia.

Watoto nao ni hivyo. Kuna mtoto anayeanza shule akiwa anasema Kiswahili nyumbani, ana daftari, na shule iko hatua chache tu. Kuna mwingine nyumbani husema Kipimbwe, Kisukuma au Kifipa, hutembea mwendo mrefu, na wakati wa mvua njia hujaa maji. Mwalimu aliyempandisha huyu wa pili kutoka chini hadi katikati amefanya kazi kubwa.

Tunaweza kupima mwendo huo. Watoto hufanya upimaji wa kitaifa wakiwa darasa la nne, na mtihani wakiwa darasa la saba. Tuseme katika shule ya kwanza watoto 30 kati ya 100 walifanya vizuri darasa la nne, na miaka mitatu baadaye 65 kati ya 100 wakafaulu darasa la saba. Katika shule ya pili walikuwa 88, wakawa 86. Orodha itaitaja shule ya pili. Lakini iliyowasogeza watoto ni ya kwanza. Hata hapa tuwe waangalifu: tuhakikishe watoto waliohesabiwa mwisho ndio wale wale wa mwanzo, na kwamba wazito hawakuachwa njiani.

Hata nchi tajiri zimejifunza somo hili. Huko Marekani, Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alilinganisha wilaya za shule za umma nchi nzima. Aliona kwamba katika mji wa Chicago, wenye watoto wengi maskini, alama za mwanzo zilikuwa chini. Lakini kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa huko walipata maendeleo ya miaka sita katika muda wa miaka mitano. Aliyetazama alama za mwanzo tu angesema Chicago haifundishi. Aliyetazama mwendo aliona vingine kabisa.

Swali la sita: Je, matokeo ni ya kweli?

Sifa ikiwa kubwa mno, wengine huitafuta kwa wizi. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoa wa Dodoma, pamoja na shule kadhaa za mahali pengine, kwa sababu mtihani ulikuwa umevuja. Watoto walirudia mtihani mwezi Oktoba. Fikiria mtoto aliyesoma kwa jasho lake miaka saba, anaambiwa karatasi yake imefutwa kwa sababu ya watu wazima.

Wenzetu wa Marekani yaliwapata pia. Katika mji wa Atlanta, uchunguzi wa mwaka 2011 uligundua kwamba walimu na wakuu wa shule walifuta majibu ya watoto na kuandika mengine. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani watumishi 11 wa elimu.

Mtihani ni kama mizani ya dukani. Mizani ikipindishwa ili duka lisifiwe, anayepunjwa ni mnunuzi. Hapa mnunuzi ni mtoto.

Je, tuache kulinganisha?

Nchini Kenya serikali ilikataza kupanga shule kwa namba mwaka 2014. Hapa kwetu, mwezi Januari mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilisema linaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Matokeo yenyewe bado hutolewa kwa kila shule, ila mashindano ya kumi bora hayatangazwi tena.

Sisi tunaona kulinganisha si kubaya. Mkulima hulinganisha shamba lake na la jirani ili ajue mbegu gani inafaa. Kama shule ya kijiji jirani, yenye watoto kama wetu, walimu wachache kama wetu na njia mbaya kama zetu, imetupita, basi kuna jambo wanalolifanya ambalo sisi hatulifanyi. Labda watoto wao wanapata uji mchana. Labda wamejenga nyumba za walimu. Labda wamekubaliana kwamba mtoto hatolewi shuleni kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Twende tukaulize. Kulinganisha kwa namna hiyo kunafundisha. Kulinganisha kwa kuchekana hakujengi darasa hata moja.

Tufanye nini?

1. Matokeo yakitoka, tuombe yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Mwalimu mkuu na Kamati ya Shule wayaeleze.

2. Tuulize hesabu tatu, siyo moja: walioanza darasa la kwanza wangapi, waliofanya mtihani wangapi, waliofaulu wangapi.

3. Tuandike majina ya watoto waliopotea njiani. Kila jina liwe na sababu: kahama, anachunga, kaolewa, anaumwa, kakaririshwa. Mtendaji wa kijiji na kamati wawafuatilie mmoja mmoja.

4. Tujilinganishe na shule zinazofanana na yetu. Tuangalie miaka kadhaa na kila somo.

5. Kama darasa moja lina watoto kupita kiasi, tumpe diwani hesabu hiyo kwa maandishi aipeleke kwenye Baraza la Madiwani. Malalamiko bila hesabu husahaulika haraka.

6. Nyumbani, kila jioni, tumwambie mtoto atusomee ukurasa mmoja. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kumsikiliza na kumsahihisha. Hapo hutangoja Septemba kujua kama mwanao anasoma.

Maneno ya kukumbuka

Asilimia: hesabu ya kwa kila mia.
Mtahiniwa: mtu anayefanya mtihani.
Ufaulu: kiasi cha waliofaulu.
Kukariri darasa: kurudia darasa lile lile mwaka mwingine.
Utoro: kuacha kwenda shule bila ruhusa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Shule yenu ilikuwa na watahiniwa wangapi mwaka jana? Waliofaulu ni wangapi? Tafuteni asilimia.

2. Watoto hao walipoanza darasa la kwanza walikuwa wangapi? Waliopungua wako wapi?

3. Watoto 200 wameanza shule. Waliofanya mtihani ni 120. Waliofaulu ni 96. Tafuteni asilimia ya waliofaulu kati ya waliofanya mtihani, kisha kati ya walioanza. (Majibu: 80 na 48.)

4. Kazi gani za nyumbani na shambani zinawatoa watoto shuleni hapa kwetu? Ni zipi tunaweza kuzifanya wenyewe?

Ndugu wasomaji, pelekeni swali la pili kwenye mkutano wa kijiji unaokuja. Msikubali liahirishwe. Kila mtoto ambaye hayumo kwenye hesabu ana nyumba yake, na nyumba hiyo iko hapa kijijini.